Vidonge Ndani ya Kopo la Vifungo

Nyumbani,
chumba cha nyuma, kwenye meza ya cherehani.
Ijumaa, tarehe 14 Juni.

Mpendwa Mama Mkubwa,

Kuna sauti moja imenikaa sikioni tangu Jumapili na haitaki kuhama. Ni sauti ya kopo la vifungo la mama, lile la biskuti ulilomletea wewe mwenyewe, lenye picha ya farasi mweupe ambaye sasa amebaki kichwa na mkia tu. Nimekua nikilisikia kopo hilo. Vifungo vikitikiswa ndani ya bati hupiga kelele kama watoto wa darasa la kwanza mwalimu akitoka. Lakini Jumapili, nilipolivuta kutoka juu ya kabati, halikupiga kelele. Lilitoa mchakacho mzito, wa pamoja, kama mchele unaposogea gunia likiinuliwa.

Nisamehe. Nimetanguliza habari kabla ya hali, kama mtu asiyelelewa. Shikamoo, Mama Mkubwa. Goti lako limeamkaje siku hizi? Baba Mkubwa bado anabishana na redio? Na dada mzazi je, ameanza kulala, au kichanga chake ndicho kinachopanga zamu za nyumba nzima? Mama alituambia kina paji la uso kama lako. Kaka akasema, basi maskini kitaanza kutoa amri kabla ya kuota meno. Usimkasirikie. Ulikuwa ndio mzaha wake wa kwanza baada ya siku nyingi, nami niliuhifadhi ili nikuletee.

Sisi huku tungali tunapumua. Mimi bado nafundisha hisabati darasa la saba, sauti imeniisha kwa chaki. Siwezi kusema sote ni wazima, na sababu unaijua nusu.

Hiyo nusu nyingine ndiyo iliyonikalisha hapa. Uliponipigia Jumatatu ulizungumza wewe, mimi nikaitikia "ndiyo, Mama Mkubwa" mara saba. Nilihesabu. Simu si mahali pa kubishana na mkubwa, na mama alikuwa chumba cha pili akijifanya anatia uzi kwenye sindano. Barua inaniruhusu nimalize sentensi zangu. Tafadhali isome mpaka mwisho kabla ya kunikasirikia.

Unajua kwamba kaka alianza kuanguka akiwa na miaka tisa. Hapa nyumbani tunasema "kuanguka", neno kifafa halijawahi kukaribishwa ndani. Unajua pia kwamba hakuweza kumeza kidonge, kila kimoja kilirudi na machozi, mpaka mama alipobuni njia yake ya kuvisaga kati ya vijiko viwili na kuchanganya unga wake na asali. Sidhani kama unajua kwamba njia hiyo haikuwahi kukoma. Kaka ana miaka ishirini na saba, ana ndevu, anafanya kazi kwenye kiwanda cha uchapaji, na kila asubuhi na kila jioni alikuwa akifungua kinywa apokee kijiko cha asali kutoka mkononi mwa mama. Ulikuwa utani wetu. Mimi nikimwita kinda la ndege, yeye akinijibu kwamba nina wivu, nitafute ugonjwa wangu.

Hatukuona ubaya wowote. Wala hatukuona kwamba mtu anayelishwa dawa iliyosagwa hajui amekula vingapi.

Mama alipokuja kwenu kumsaidia dada kwenye uzazi, aliniachia kazi hiyo. Akiwa mlangoni na mkoba begani aliniambia, "Kimoja asubuhi, kimoja jioni. Saga vizuri, kisibaki chenga." Nikasema sawa. Gari lilipoondoka nikaenda kuitazama kadi ya kliniki, kwa sababu ndivyo nilivyo, siamini kitu mpaka nikisome. Kadi ilisema viwili asubuhi, viwili jioni. Nikafikiri mama kachanganya kwa haraka ya safari. Nikampa vinne kwa siku, kama ilivyoandikwa. Nilichora hata jedwali ukutani, nikawa naweka alama ya vema kila nikimlisha. Ukiingia jikoni utaliona, limebakiza alama kumi na moja.

Siku ya sita kaka aligonga bega kwenye kizingiti cha mlango anaoupita tangu utotoni. Nilicheka. Siku ya nane ulimi wake ukawa mzito. Nikamuuliza kama ana usingizi, akasema labda. Siku ya tisa alimwaga chai pembeni ya kikombe. Niliona yote hayo, Mama Mkubwa, na jioni nikasaga vidonge viwili vingine kwa makini, kisibaki chenga.

Siku ya kumi na moja aliletwa nyumbani mchana na yule mwenzake wa kazini wanayemwita Spika, kwa sababu ya mdomo wake. Alikuwa amemshika kiunoni kama anayecheza naye.

"Dada, pokea mzigo wako. Kapiga ngapi asubuhi hii?"

"Kaka hanywi pombe."

"Basi ni ardhi ndiyo iliyolewa," akasema Spika. Kisha akanitazama usoni, akaacha utani. "Bosi kamrudisha. Kamwaga gundi meza nzima. Tulidhani ni ule ugonjwa, lakini huu sio ule. Ule tunaujua."

Baadaye kaka alinieleza kwamba alikuwa akiona vitabu viwili mahali pa kimoja, na kila alipotaka kupaka gundi alichagua kile ambacho hakipo. Alilisema kwa kucheka. Macho yake yalikuwa yakitetemeka kwenda pembeni na kurudi, kama ya mtu anayesoma mstari uleule bila kuuelewa.

Hospitalini daktari alijua mara moja kwamba ni dawa imezidi mwilini. Alinieleza kwamba hii fenitoini ni dawa nzuri lakini ina tabia yake. Hupanda taratibu kama maji kwenye ndoo, na ikifika ukingoni, tone moja tu linamwaga yote. Kilichomshangaza ni kwamba kaka amekuwa kwenye vidonge vinne kwa miezi kumi. Kwa nini imzidi sasa? Kipimo cha damu cha kuonyesha kiasi cha dawa hakifanyiki hapo, sampuli hupelekwa mbali na majibu hukawia. Kwa hiyo akaniuliza mimi, taratibu, "Una hakika hukumzidishia?"

Niliapa. Nikamwonyesha picha ya jedwali langu kwenye simu. Akatikisa kichwa, akaandika kwenye kadi kwa kalamu nyekundu: IMESHINDWA. Yaani dawa. Akasema kaka apumzike siku mbili bila kidonge, arudie kwa vitatu, kisha Alhamisi ya tarehe kumi na tatu aje aanzishiwe dawa nyingine, hii iondolewe pole pole. Kwa vinne alikuwa bado anaanguka, na kwa vinne hivyo hivyo imemlevya. Ukiangalia hesabu ya kadi, alikuwa na haki.

Mama aliporudi kutoka kwenu alisikiliza yote akiwa bado amesimama na mkoba. Hakunifokea. Alisema tu, "Nilikwambia kimoja na kimoja." Nikamjibu kwamba kadi inasema viwili na viwili. Akasema, "Unaona sasa kadi yako ilivyomfanya." Akachukua vijiko vyake viwili kutoka mkononi mwangu, na kusema kweli nilivitoa kwa furaha. Niliogopa mikono yangu mwenyewe.

Jumamosi iliyopita kaka akaanguka jikoni, akivaa shati. Ilikuwa kubwa kuliko zote nilizowahi kuziona. Nilimlaza ubavu, nikasogeza kiti, nikaweka kanga chini ya kichwa chake, sikumtia chochote mdomoni. Nilitazama saa, kwa sababu walitufundisha kutazama saa: dakika nne na nusu. Ukijaribu kuhesabu dakika nne na nusu ukiwa umeshika bega la mtu unayempenda, utaelewa kwa nini naandika vibaya leo. Alipotulia, kifungo cha pili cha shati kilikuwa kimeng'oka. Ndiyo maana Jumapili, mama akiwa kanisani na kwaya yake, nilipanda juu ya kiti kutafuta kifungo.

Ndani ya kopo hapakuwa na kifungo hata kimoja. Lilikuwa limejaa vidonge. Vya juu vyeupe, vya chini vimeanza kuwa na rangi ya meno ya mvuta sigara. Nilikaa chini sakafuni nalo mapajani.

Mama alinikuta hivyo. Alivua viatu kwanza, akavipanga. Ndipo akasema, "Weka ulipolitoa."

Nadhani ulishawahi kusikia aliyonieleza, lakini sijui kama uliyasikia kwa namna alivyoyasema. Alisema miaka minne iliyopita dirisha la dawa pale kliniki lilifungwa wiki nzima, na kikaratasi kimebandikwa kwamba dawa zimekwisha. Wiki ileile akaanza kuweka akiba. Kidonge kimoja kwa siku, kutoka kwenye vitatu. Daktari alipoongeza vikawa vinne, akaona heri, akiba itakua haraka. Akawa anaweka viwili.

"Mama, ndiyo maana alianza kuanguka tena."

"Alianguka, akaamka," akasema. "Mjomba wako hakuamka."

Mimi mjomba nimemjua kwa picha moja tu, ile aliyoshika mpira. Mama aliniambia kwamba wewe ulikuwa umeshaolewa mbali, na babu alikuwa safarini. Dawa zilikuwa zimekosekana kwa wiki tano. Mjomba alianza kutetemeka saa nane mchana, akaacha, akaanza tena kabla hajafumbua macho, hivyo hivyo, na mama akiwa na miaka kumi na sita amekikumbatia kichwa chake mpaka jua lilipozama. Katika wiki zile tano alikuwa amekwenda kugonga dirisha la dawa mara tatu. Alisema bado anaikumbuka rangi yake, kijani.

"Wewe, Msomi, unajua kusoma kadi," akaniambia. "Mimi najua kusoma dirisha lililofungwa."

 Nilimuuliza kama, baada ya kaka kulewa dawa, alimrudisha kwenye vitatu, jinsi daktari alivyosema. Akatikisa kichwa. Alikuwa ameogopa ule ulevi, akampa kimoja kwa siku. Kimoja tu. Na kaka akaanguka ile kubwa ya Jumamosi.

Ndipo akanishika mkono, mama yangu ambaye hanishiki mkono. "Usinivue nguo mbele ya mwanangu. Alhamisi anapewa dawa mpya. Hii inakwenda na mambo yake. Nitampa hiyo mpya kama wanavyotaka. Nyamaza tu mpaka Alhamisi ipite."

Jumatatu ukanipigia wewe, mama akiwa ameshakueleza. Ulisema yaliyopita si ndwele. Ulisema mama akiumbuka tumeumbuka sote, na kwamba dawa mpya itafunika makosa ya zamani. Nakuheshimu kuliko unavyodhani, Mama Mkubwa. Lakini nimezungusha methali hiyo kichwani siku nzima nikisahihisha madaftari, nami naona kwa kaka yaliyopita ndiyo ndwele yenyewe. Daktari alikuwa anataka kumwondolea dawa kwa sababu kadi inasema imeshindwa kwa vidonge vinne, na kaka hajawahi kula vinne ila kwa siku zile kumi na moja zangu. Angeianza ile mpya kwa vipimo vya mtu aliyeshindikana. Na kopo lingekuwa bado liko juu ya kabati. Mama aliniahidi, ndiyo. Lakini nilimtazama akiahidi, na macho yake yalikuwa kwenye dirisha.

Kuna jambo jingine ambalo halinitukuzi, nami nakuandikia ili usinione bora kuliko nilivyo. Daktari alikuwa ameniuliza kama nilimzidishia. Swali lile lilinichoma. Nilitaka ijulikane kwamba sikukosea. Kwa hiyo usiku wa kuamkia Jumanne nilijiuliza: nataka kusema kwa ajili ya kaka, au kwa ajili ya jedwali langu? Sijapata jibu safi. Niligundua tu kwamba hata kama nia yangu ina madoa, ugonjwa wa kaka haungoji nisafishe nia.

Nikagundua pia tulivyokuwa wapumbavu wote. Mama anajua, mimi najua, wewe uliye mbali unajua, tunapigiana simu kuamua daktari aambiwe nini. Na mwenye kichwa chenyewe yuko chumba cha mbele anapiga pasi suruali.

Mliniambia ninyamaze mpaka Alhamisi ipite. Leo ni Ijumaa.

Nilimwambia kaka Jumatano. Alipotoka kazini nilimwekea kopo mezani, nikamwambia afungue. Nikamweleza la mama, la mjomba, na la kwangu, zile siku kumi na moja. Sikupamba. Mama alikuwa uani akianua nguo, nami nilijua anasikia kwa sababu aliacha kudondosha vibanio kwenye ndoo.

Kaka alilifungua. Alitandaza gazeti, akavimimina, akaanza kuvihesabu kumi kumi, kwa kidole, kama anavyohesabu kurasa kazini kabla ya kushona kitabu. Alikataa nimsaidie. Vilifika elfu moja mia sita na kumi na viwili. Alipomaliza aliuliza swali moja tu.

"Kabla hajaanza kuweka, nilikuwa nakula vingapi?"

"Vitatu."

"Na nilikuwa sianguki."

"Miaka sita hukuanguka."

Akavirudisha vidonge koponi. Kisha akasema, si kwangu hasa, "Kwa hiyo si kichwa changu."

Mama Mkubwa, unamkumbuka yule binti wa fundi saa, tuliyetarajia awe wifi yangu? Kaka alimwambia mwaka juzi asimngoje. Sisi tulidhani wamegombana. Jumatano ndipo nilipojua kwamba alimwacha kwa sababu aliamini dawa zimemshindwa, kwamba kichwa chake kimeoza na kitazidi kuoza. Mwaka huo ndio walimtoa kwenye mashine ya kukatia karatasi aliyoipenda, wakamweka kwenye gundi. Yote hayo aliyabeba akijua ni ya kwake. Binti yule ameshaolewa. Hakuna kadi itakayofuta hilo.

Sikulala vizuri. Niliogopa atamfokea mama, nikaogopa zaidi kwamba hatamfokea.

Jana tulikwenda kliniki, mimi na yeye. Mama alisema ana nguo za watu. Kaka ndiye aliyelibeba kopo, na ndani ya chumba cha daktari ni yeye aliyezungumza, kwa mara ya kwanza tangu alipoanza kwenda pale. Siku zote mama ndiye alikuwa akijibu na yeye akitazama viatu vyake. Alisema, "Daktari, dawa haikushindwa. Sikuila." Akafungua kifuniko.

Daktari alitazama ndani. Nilitegemea atamlaumu mama, nikajiandaa kumtetea, maneno nilikuwa nayo tayari. Badala yake akauliza, "Miaka minne, mimi nimewahi kukuuliza wewe mwenyewe unameza vingapi?" Kaka akasema hapana. Daktari akavuta kadi, akakata lile neno jekundu kwa mistari miwili, akaandika pembeni: vitatu kwa siku. Hakuna dawa mpya kwa sasa. Damu yake imechukuliwa, arudi baada ya wiki tatu. Alimwonya asiruke hata kidonge kimoja, na akisahau asivifidie kwa kuvirundika pamoja. Hakuahidi kwamba hataanguka tena. Nilimpenda kwa kutoahidi.

Nesi wa dirishani, mama mmoja mnene mwenye miwani inayoning'inia kwa uzi, alipoona kopo alishika kiuno. "Nani katuibia stoo?" Kaka akacheka, mimi nikalia, nikaona haya. Nilipomweleza habari ya mjomba aliacha utani. Alisema mama hana kosa kutaka akiba, kosa ni mahali alipoitoa. "Akiba haitoki kinywani mwa mgonjwa." Akamwandikia kaka awe anakuja kuchukua dawa wiki mbili kabla hazijaisha, ili nyumbani pawe na za wiki mbili daima. Akasema mama akitaka aje azihesabu mwenyewe, milango iko wazi. Nilimletea mama maneno hayo kama yalivyo. Aliyasikia. Akarudi kwenye cherehani yake.

Hajanisemesha tangu Jumatano. Anaweka chakula changu mezani, anafunika, anaondoka. Kaka anamsemesha kawaida, hata zaidi ya kawaida, na hilo nadhani linamuumiza kuliko kofi.

Leo asubuhi kaka alijimiminia maji, akaweka kidonge kizima kwenye ulimi. Kilikwama, akakohoa, macho yakamtoka, akanywa tena, kikashuka. Mtu mzima wa miaka ishirini na saba akainua mikono juu kama aliyefunga bao. Nilipogeuka nilimwona mama amesimama kwenye mlango wa jikoni. Mkononi alikuwa na vile vijiko viwili, na chupa ya asali ameibana kwapani. Alisimama hapo muda, kama mgeni asiyejua aketi wapi. Kisha akaenda akaviosha, ingawa vilikuwa safi.

Kwa hiyo sikuandiki kuomba ruhusa wala ushauri. Nimeshafanya. Nimemwambia kaka, kaka amemwambia daktari, na kopo lako la farasi halipo tena nyumbani. Nililiacha kwa nesi na vyote vilivyomo, vikateketezwe, maana nusu yake vilishapitwa na muda. Nisamehe, nilitoa zawadi yako bila kukuuliza. Vifungo nimevipata, mama alikuwa amevifunga kwenye soksi ya marehemu baba, na cha shati la kaka nimeshakishona.

Ninachokuomba ni kimoja. Mpigie mama. Si habari za kopo, wala zangu. Muulize habari za mchana ule wa mjomba, naye akusimulie wewe, dada yake, kwa sababu siku ile ulikuwa mbali, na nadhani tangu siku hiyo bado yuko peke yake kwenye lile dirisha.

Nisalimie Baba Mkubwa na redio yake, dada mzazi, na kichanga chenye paji la uso la kutoa amri. Msalimie pia shemeji, mwambie viatu alivyomtumia kaka vimemtosha. Kaka anakusalimu, yuko hapa anasoma maandishi ya karatasi ya dawa, herufi zile ndogo, kwa sauti, mpaka ananichosha. Mungu aliwekee goti lako mafuta na moyo wako usinifungie.

Ni mimi mwanao, ninayekupenda hata pale nilipokukatalia,

Msomi wenu.